Haki ya Kuwasiliana Haiwezi Kukaa Mfukoni kwa Kampuni Moja



Tarehe 29 Oktoba 2025 nilikuwa nyumbani Kilangala. Kaka yangu alikuwa Dar es Salaam. Wote mnakumbuka siku ile: mchana intaneti ikakatika, na usiku hatukujua nani yuko hai na nani hayupo. Simu yangu janja ilikuwa na bando la wiki nzima, ila kila meseji niliyomtumia kaka ilibaki na tiki moja. Nikazima, nikawasha. Nikatoka nje, nikapanda kichuguu kutafuta mnara. Tiki moja ileile.

Bibi alikuwa ananitazama tu. Mwisho akaniuliza, "Hilo lako la kupangusa limekufa?" Nikamwambia, "Hapana bibi, wamezima." Akafungua fundo la khanga, akatoa kitochi chake. "Haya, kapige na haka." Nikapiga mara nne haikupita. Ya tano kaka akapokea. Laini ya bibi ni ya kampuni moja, ya kaka ni ya kampuni nyingine. Simu ya bei ya kuku wawili ilifanya kazi ambayo simu yangu ya laki tatu ilishindwa.

Mama alilia kwa furaha. Mimi niliingia ndani nikiwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo inayoandika leo. Tumezoea kulalamika kwamba serikali imetuzimia. Ni kweli imetuzimia, na tutaendelea kusema. Ila kuna swali la pili ambalo sisi vijana wa upinzani tunalikwepa: nani alituambia tuweke mawasiliano yetu yote, ya kifamilia, ya kibiashara na ya chama, ndani ya programu mbili tatu za kampuni za ng'ambo, ambazo hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe, na ambazo mtu wa ofisini anaweza kuzifunga kwa amri moja?

Tuanze na kitochi. Kwa nini simu ya bibi inaongea na simu ya kaka wakati mitandao ni tofauti na hata watengenezaji wa simu ni tofauti? Kwa sababu kuna viwango. Viwango vya GSM viliandikwa na wataalamu, vikachapishwa, na kila anayetengeneza simu au mnara anavifuata. Meseji ya kwanza ya SMS ilitumwa Desemba 1992, na mpaka leo hakuna anayekuuliza, "Wewe SMS yako ni ya kampuni gani?" Unaandika, unatuma, inafika.

Na juu ya viwango kuna sheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inawapa wenye mitandao wajibu wa kuunganishana. Kampuni kubwa haina ruhusa ya kusema, "Wateja wangu wasipigiwe na wateja wa yule mdogo." Tangu Machi 2017 unaweza pia kuhama kampuni ukabaki na namba yako. Mnaona? Nchi hii inajua vizuri kabisa kwamba mawasiliano ni barabara, na barabara haiwi na geti la mtu binafsi kila kijiji.

Inajua hata kwenye pesa. Wenye umri wangu labda hawakumbuki, ila zamani ukimtumia hela mtu wa mtandao mwingine ilikuwa shida tupu. Mwaka 2014 Tigo (leo inaitwa Yas), Airtel na Zantel wakaunganisha huduma zao za pesa, na mwaka 2016 Vodacom nao wakaingia. Tanzania ilitajwa duniani kama mfano kwa jambo hilo. Leo mkulima wa ufuta anapokea hela kwenye laini yoyote aliyonayo.

Sasa niambieni: kama shilingi inaweza kuvuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, kwa nini "umefika salama?" isivuke kutoka programu moja kwenda nyingine? Mtu wa WhatsApp hamwandikii mtu wa Telegram. Mtu wa Signal hampigii mtu wa Messenger. Ukitaka kumpata, lazima na wewe uhamie kwake, ukubali masharti yake na umpe namba yako. Kila programu ni kisiwa, na mwenye boti ni mmoja.

Msidanganywe kwamba ndivyo intaneti ilivyoumbwa. Barua pepe haiko hivyo: mwenye Yahoo anamwandikia mwenye Gmail, na chuo kinaweza kuwa na seva yake chenyewe. Simu za intaneti nazo zina itifaki huria inayoitwa SIP, iliyotolewa mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2002. Hata simu za sauti zinazopita kwenye 4G, ile VoLTE mnayoiona juu ya kioo, zinapangwa kwa SIP. Kwa upande wa meseji kuna XMPP, iliyoanza mwaka 1999 kwa jina la Jabber na kuwa kiwango rasmi mwaka 2004. Unakuwa na anwani kama ya barua pepe, seva yako inazungumza na seva ya mwenzako, basi. Mwaka 2014 ikaja Matrix kwa wazo hilohilo.

Viwango hivi vingi vinaandikwa kwenye chombo kinachoitwa IETF. Hakina kadi ya uanachama. Yeyote anaweza kusoma rasimu, kuandika hoja na kupinga, hata akiwa Kilangala, mradi ana bando. Nyaraka zote ziko wazi bure. Ndiyo maana ya kiwango huria: kanuni zinajulikana kwa wote, na hakuna wa kuombwa ruhusa kabla hujatengeneza cha kwako.

Sasa kampuni zilifanya nini? Google walianzisha Google Talk mwaka 2005 wakitumia XMPP, na mwaka uliofuata wakaiunganisha na seva za wengine. Watu wakashangilia. Mwaka 2013 wakaleta Hangouts na kuanza kufunga mlango. WhatsApp nayo ilijengwa juu ya XMPP iliyorekebishwa, lakini haikuungana na mtu. Mwaka 2014 Facebook wakainunua kwa dola bilioni 19. Hii kwetu tunaijua: mtu anachota kisima cha kijiji, akishashiba anatia kufuli na kuanza kuuza ndoo.

Mtasema, "Dada, hii ni mada ya mainjinia, sisi tuko kwenye siasa." Siasa yenyewe ndiyo hii. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana na kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Darasani tunafundishwa kwamba haki isiyo na njia ya kuitumia ni maandishi tu. Na njia ikiwa moja, anayetaka kuifunga ana kazi nyepesi. Oktoba 2020, kuelekea uchaguzi, WhatsApp na Twitter zilibanwa, na nusu ya mazungumzo ya nchi yakanyamaza. Mei 2025 X ikafungiwa. Oktoba 2023 TCRA ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili. Kila mara ni orodha ya majina machache. Mngekuwa na seva mia tano zinazozungumza lugha moja, ya chuo, ya ushirika, ya msikiti, ya kanisa, ya chama cha wavuvi, orodha hiyo ingeandikwa na nani ikaisha?

Wala tusimtazame mzimaji wa serikali peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilianguka duniani kote kwa takriban saa sita. Hapakuwa na amri ya waziri. Mafundi wa kampuni moja walikosea, na dunia ikakaa kimya kuwasubiri.

Sasa hoja za wanaopinga, maana sitaki mniambie nimezikimbia.

Ya kwanza: "Wakizima intaneti yote, kama Oktoba 29, viwango vyako vitasaidia nini?" Hoja ya haki. Jibu ni kwamba kiwango huria si hirizi. Hata SMS, yenye viwango vyake vyote, ilibanwa: Oktoba 2020 TCRA iliagiza kampuni zisitishe SMS za mkupuo kuanzia tarehe 24 Oktoba hadi 11 Novemba. Ila kuna tofauti kubwa. Kufunga programu moja ni jambo la kimyakimya, nalo lina gharama ndogo. Kuzima kila kitu kunagusa benki, hospitali, bandari na mnada wa mazao, na dunia nzima inaona. Mzimaji akilazimika kuchagua kati ya yote au hakuna, walau analipa bei. Halafu kuna siku ambazo tatizo si amri: Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Seva ikiwa humuhumu nchini, meseji ya Lindi kwenda Mtwara haina sababu ya kupita ng'ambo kwanza.

Ya pili: "Huria maana yake kila mtu anasoma." Hapana. Kinachokuwa wazi ni kanuni, barua zako zinabaki zako. Kila mtu anajua kufuli linavyofanya kazi, lakini ufunguo wa nyumba yako unao wewe. Tangu 2023 kuna kiwango rasmi cha IETF kinachoitwa MLS, cha kufunga meseji za makundi kwa siri ili seva yenyewe isizisome.

Ya tatu ni ya wale wa chama tawala: "Uhuru huo utaleta fujo." Wenzetu hawa wana kichekesho. Intaneti iliporudi Novemba 3, watu walipokea kwenye simu zao ujumbe wa polisi wa kuonya juu ya kusambaza picha na video. Ulikuja kwa njia gani? Kwa SMS! Serikali ilipotaka kumfikia kila mwananchi wa kila mtandao, ilitumia njia yenye viwango vya wote. Wanajua thamani yake. Wanachotaka ni kwamba wao wawe nayo na sisi tusiwe nayo.

Sasa tujiseme wenyewe. Mwaka jana msimamizi wa kundi letu la kata, kwenye programu ambayo jina lake halina umuhimu, alipoteza simu na laini kwa siku moja. Kundi likapotea, na majina ya watu zaidi ya mia mbili yakaenda nalo. Tulirudi kuzunguka nyumba kwa nyumba na daftari. Na hata kabla halijapotea, bibi yangu, mwanachama aliyesimama foleni tangu alfajiri kupiga kura, hakuwahi kuwemo, kwa sababu kitochi hakiingii kwenye kundi. Taarifa za mkutano zilikuwa zinamfikia kwa tetesi. Chama kinachosema "hakuna atakayeachwa nyuma" kinamwacha bibi nyuma kwa sababu ya programu!

Kwa hiyo nataka mambo matatu, na naomba viongozi wayajibu kwa maandishi.

Mosi, ilani yetu iseme wazi: kampuni ya meseji na simu za intaneti yenye watumiaji wengi nchini iwe na wajibu wa kuunganishwa na wengine kwa viwango huria, kama sheria ya 2010 inavyoibana mitandao ya simu. Msiniambie haiwezekani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya masoko ya kidijitali mwaka 2022, na tangu Machi 2024 Meta inadaiwa kuifungua WhatsApp kwa programu nyingine huko Ulaya. Mtu wa Berlin ana haki hii. Mtu wa Kilangala kakosa nini?

Pili, sheria imruhusu mtu, kijiji au ushirika kuwa na seva yake ya mawasiliano bila leseni ya kukamua. Tunakumbuka kanuni za maudhui za 2018, zilizomtaka mwenye blogu atoe zaidi ya shilingi milioni 2. Kiwango kikiwa huria halafu leseni ikawa ya matajiri, hatujafanya kitu.

Tatu, na hili halihitaji Bunge: chama kianze chenyewe. Tuwe na seva yetu ya XMPP au Matrix, orodha ya wanachama ikae kwetu ikilindwa kisheria, na kila tangazo la kata litoke pia kwa SMS. WhatsApp tubaki nayo, watu wako huko. Ila isiwe ofisi yetu kuu. Kuna vijana wa IT wamejaa humu, wengine hawana ajira. Wapeni kazi.

Najua wapo watakaoona hili ni dogo mbele ya madai ya Katiba mpya na tume huru. Mimi nayataka yote hayo, na nimeyaandamania. Lakini siku Katiba mpya itakapokuja tutaitangaza kupitia wapi? Na wakizima tena, nani ataniambia kaka yangu yuko hai?

Bibi kitochi chake amekirudisha kwenye fundo la khanga. Ameniambia, "Siku nyingine ukikwama, njoo." Sitaki nchi ambayo siku ya shida wote tunategemea fundo la khanga la bibi.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na mwanachama kutoka Kilangala, Lindi.