Prosesa na Kadi ya Michoro Hazina Budi Kwenda Sambamba

Vijana wengi wa miji yetu, kuanzia Kampala hata Gulu na Mbarara, wameipenda michezo ya kompyuta. Wako wanaocheza kwa burudani tu, na wako wanaochanga akiba zao ili wafungue chumba cha michezo wajipatie riziki. Hayo si mabaya hata kidogo. Lakini liko jambo moja linalotusikitisha: fedha iliyokusanywa kwa taabu ya miezi mingi hutumika kununua kadi kubwa ya michoro, kisha kadi hiyo ikapachikwa katika kompyuta ambayo prosesa yake haina uwezo wa kuilisha kazi. Mnunuzi hurudi nyumbani, huwasha mchezo, na picha zaendelea kukwamakwama kama zamani. Hapo humlaumu muuzaji, humlaumu fundi, na pengine huulaumu umeme. Kumbe vitu viwili visivyolingana vimefungwa nira moja.

Maoni yetu ni haya: kompyuta ya michezo isinunuliwe kwa sifa ya kifaa kimoja. Prosesa na kadi ya michoro ni jozi, na yafaa zipimwe kama jozi.

Tufahamu kwanza kazi ya kila moja. Prosesa ndiyo iongozayo mchezo. Hupokea amri za mchezaji, huamua adui aelekee wapi, hukokotoa jinsi mpira utakavyodunda au ukuta utakavyoporomoka, kisha huandaa orodha ya vitu vyote vinavyopaswa kuchorwa. Kadi ya michoro huipokea orodha hiyo na kuchora: huyapanga maumbo, hutia rangi, kivuli na nuru, mpaka kila pikseli ya skrini ipate rangi yake. Prosesa ina viini vichache vyenye uwezo wa kufanya kazi za kila aina. Kadi ina viini vidogo vingi mno, mamia hata maelfu, vifanyavyo hesabu za namna moja kwa wakati mmoja. Hakuna awezaye kushika nafasi ya mwenziwe.

Mgawanyo huu haukuwako tangu mwanzo. Mchezo wa Doom ulipotolewa na kampuni ya id Software mwezi wa Desemba 1993, prosesa peke yake ndiyo iliyochora kila kitu. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilileta kadi za Voodoo, zilizoipunguzia prosesa mzigo wa kuchora. Mwaka 1999 kampuni ya Nvidia ilitoa GeForce 256, ambayo ilichukua pia hesabu za kugeuza maumbo na za nuru. Tangu siku hizo mchezo umekuwa kazi ya wawili, na kazi ya wawili yataka mapatano.

Sasa tuone hesabu yenyewe, kwa maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Ili skrini ionyeshe picha 60 kwa sekunde, kila picha haina budi kuwa tayari katika muda wa milisekunde 17 hivi. Tuseme prosesa yatumia milisekunde 20 kuandaa picha moja, na kadi yatumia milisekunde 8 kuichora. Wawili hawa hawasubiriani kwa zamu. Kadi inapochora picha hii, prosesa imekwisha kuanza kuandaa ijayo. Kwa hiyo mwendo wa mchezo ni mwendo wa yule aliye mzito: picha 50 kwa sekunde. Mwenye kompyuta akiitupa kadi hiyo na kununua nyingine iwezayo kuchora kwa milisekunde 4, atapata nini? Atapata picha 50 zile zile, na kadi yake mpya itakaa bure sehemu kubwa ya muda ikingoja kazi. Lakini akibadili prosesa, ikaandaa picha kwa milisekunde 10, kadi ile ile ya kwanza itampa picha 100. Katika uaskari twafundishwa ya kwamba msafara huenda kwa mwendo wa gari lililo zito kuliko yote. Kuliongezea nguvu gari la mbele hakuwafikishi askari mapema.

Mtu asidhani kwamba twaidharau kadi. Yako mazingira ambamo kadi ndiyo nzito. Skrini yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina jumla ya pikseli 2,073,600. Ile ya 3840 kwa 2160 ina pikseli 8,294,400, yaani mara nne kamili. Mzigo huo wa ziada karibu wote huiangukia kadi, wala kazi ya prosesa haibadiliki sana. Hivyo kompyuta moja yaweza kuzuiwa na prosesa katika skrini ndogo, na ikazuiwa na kadi katika skrini kubwa.

Aina ya mchezo nayo ina neno lake. Cyberpunk 2077, ambao mwaka 2023 uliongezewa namna ya kufuatilia miale yote ya nuru, huielemea mno kadi. Kinyume chake, Microsoft Flight Simulator ulipotoka mwaka 2020 uliielemea prosesa, hasa ndege ilipopita juu ya miji mikubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ilitegemea kiini kimoja. Crysis wa mwaka 2007 ulipata msiba wa namna hiyo. Waundaji wake, kampuni ya Crytek ya Ujerumani, walitazamia kwamba prosesa zijazo zingekuwa na mapigo ya kasi zaidi na zaidi. Badala yake viwanda vikaongeza idadi ya viini. Miaka mingi baadaye kadi zilizokuwa na nguvu maradufu ziliendelea kuzuiwa na kiini kimoja cha prosesa kilichoshikwa na kazi.

Wala nguvu ya prosesa haisomwi katika gigahezi peke yake. Mwaka 2022 kampuni ya AMD ilitoa prosesa iitwayo Ryzen 7 5800X3D. Mapigo yake yalikuwa ya chini kuliko ya nduguye 5800X, lakini kumbukumbu yake ya ndani ilikuwa megabaiti 96 badala ya 32, na katika michezo mingi ilimpita nduguye waziwazi. Anayechagua kwa kutazama namba moja iliyoandikwa kwenye boksi huchagua gizani.

Huenda msomaji akasema: mimi sina fedha ya vitu vya fahari, nitanunua kadi ya bei nafuu, na hayo hayanihusu. La hasha! Yamhusu yeye kuliko tajiri. Tutazame mfano wa kadi ya Intel iitwayo Arc B580, iliyotolewa Desemba 2024 kwa dola 249 za Marekani ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 12. Ilisifiwa sana, na sifa hizo zilitokana na majaribio yaliyofanywa pamoja na prosesa za hali ya juu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wapimaji waliipachika katika kompyuta zenye prosesa za zamani, kama Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018, na katika baadhi ya michezo ikashuka mno, hata ikapitwa na kadi ambazo yenyewe ilizishinda hapo kwanza. Hata pamoja na Ryzen 5 5600, iliyokuwa mpya zaidi, upungufu ulionekana katika baadhi ya michezo. Sababu ni kwamba programu ya kuiendesha kadi hiyo iliitwika prosesa kazi nyingi kuliko zilivyofanya programu za washindani wake. Basi kadi iliyomfaa mtu mwenye kipato kidogo ilitaka prosesa ambayo mtu huyo mara nyingi hakuwa nayo.

AMD nayo ilileta Januari 2022 kadi ya Radeon RX 6500 XT, yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu na njia nne tu za kupitishia habari kati yake na kompyuta. Katika madabodi mpya njia hizo zilitosha kiasi. Katika madabodi za kizazi kilichotangulia uwezo wake wa kupitisha habari hupungua kwa nusu, na kumbukumbu ile ndogo inapojaa mchezo hukwama. Hapa tena aliyeumia ni mwenye kompyuta ya zamani.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee, kwani kompyuta nyingi tunazonunua ni zile zilizokwisha kutumika katika ofisi za nchi za nje. Ni mashine imara, lakini hazikuundwa kwa michezo. Pawa saplai za nyingi kati yake hutoa wati 200 hadi 300 hivi, na mara nyingi hazina waya wa kulisha kadi kubwa. Tundu la kadi lenyewe kwenye madabodi hutoa wati 75 tu. Kadi kama GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 yaweza kuishi kwa wati hizo. RTX 3060, inayotaka wati 170, haiwezi. Mwenye mashine ya ofisi akinunua kadi ndogo iliyo sawa na prosesa yake, na kumbukumbu mbili za gigabaiti 8 badala ya moja ya 16, ili prosesa isomee njia mbili, aghalabu hupata faida kubwa kuliko jirani yake aliyejipachikia kadi ya fahari.

Mtu atajuaje ni upande gani unaomzuia? Dawa haina gharama. Na apunguze ukubwa wa picha katika mchezo, kwa mfano kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Idadi ya picha kwa sekunde ikipanda sana, kizuizi ni kadi. Ikibaki pale pale, kizuizi ni prosesa. Aitazame pia Task Manager ya Windows wakati mchezo unaendelea. Kadi ikifanya kazi kwa karibu asilimia 100, yeye ndiye aliyeelemewa. Lakini ajihadhari na asilimia ya prosesa: prosesa ya viini vinane inaweza kuonyesha asilimia ndogo ilhali kiini kimoja kimejaa kabisa na vingine vyakingoja. Tena asiridhike na wastani peke yake. Picha moja ikichelewa milisekunde 100 kati ya nyingi zilizowahi, wastani hautasema kitu, lakini jicho la mchezaji litaona. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Na apimaye kabla ya kununua ndiye mwenye daftari.

Wako wanaoshauri: nunua kadi kubwa leo, prosesa utaipata kesho. Shauri hili lina ukweli wake pale ambapo madabodi yaweza kupokea prosesa ya kesho. Madabodi nyingi za AMD za aina ya AM4 zilizouzwa mwaka 2017 ziliweza, baada ya kurekebishwa programu yake ya ndani, kupokea hata ile 5800X3D ya mwaka 2022. Intel kwa miaka hiyo ilibadili soketi kila baada ya vizazi viwili hivi, na anayetaka prosesa mpya alilazimika kubadili madabodi pia. Kwa hiyo kabla ya kuifuata hekima hiyo, mtu aulize kwanza soketi yake ni ipi na mwisho wake ni wapi. La sivyo, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Wako pia watakaouliza: haya ni mambo ya michezo, yatufae nini? Twawajibu kwamba wenzetu wa nchi nyingine hawakuyadharau. Mwaka 1996 askari wa majini wa Marekani waliugeuza mchezo wa Doom II kuwa chombo cha kuzoeza vikosi vidogo kushirikiana. Na programu ya mazoezi ya kijeshi iitwayo VBS, iliyotumiwa na majeshi ya nchi kadhaa, ilitokana na Operation Flashpoint, mchezo wa mwaka 2001 uliotungwa na Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki. Kijana anayejifunza leo kulinganisha prosesa na kadi ajifunza ufundi utakaomfaa mchoraji wa majengo, mtengenezaji wa filamu na mkufunzi wa marubani.

Twamaliza kwa kuwaomba watu watatu. Wauzaji, msimwuzie mtu kadi kabla ya kumwuliza prosesa yake, skrini yake, pawa saplai yake na mchezo aupendao. Mafundi, mpimeni mashine mbele ya mwenyewe, na mwambieni kweli hata ikiwakosesha biashara ya siku hiyo. Nanyi vijana, hasa mliochanga fedha kwa pamoja, andikeni kwanza karatasi moja: mchezo gani, skrini gani, picha ngapi kwa sekunde. Kwenye skrini ya hezi 60, isiyoonyesha zaidi ya picha 60 kwa sekunde, hakuna haja kubwa ya kulipia 200. Kisha gaweni fedha yenu kwa jozi nzima, wala msiitumie yote kwa kifaa kinachong'aa dirishani. Chumba cha michezo chenye kompyuta tano za wastani zilizolingana kitalipa kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Chenye moja ya fahari iliyokwama kitafungwa.