*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE: MALEZI YA WATOTO WADOGO NA UKUMBI WETU*



Jumapili hii saa 10 jioni tunakutana kwenye mkutano wa tawi. Ajenda ya 3 ni matumizi ya ukumbi. Kabla hatujafika huko, uongozi wa tawi unaona ni vema kusema msimamo wetu mapema, ili kila mmoja aje akiwa ameshapiga hesabu zake.

Tuanze na hesabu. Tuchukue mfano wa mama lishe wa sokoni kwetu anayepata faida ya shilingi 12,000 kwa siku. Kituo cha kulelea mtoto 2,000. Uji na matunda ya kumfungia 1,000. Bodaboda ya kumpeleka na kumrudisha 1,000. Jumla 4,000. Theluthi moja ya faida imekwisha kabla hajafikiria kodi ya chumba. Akiwa na watoto wawili kwenye bodaboda hiyo hiyo, inafika 7,000. Anabaki na 5,000 kwa siku nzima ya kusimama jikoni.

Wengi wetu tunajua kinachofuata. Mdogo anaachwa kwa jirani ambaye naye ana shughuli zake. Au dada yake wa darasa la tano anabakizwa nyumbani siku za soko kubwa. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na hilo tunalisifu sote. Lakini binti anayebaki nyumbani kulea hanufaiki na elimu bila ada. Gharama ya chekechea ambayo mama ameshindwa kuilipa, analipa yeye kwa masomo yake.

Sheria ya kazi inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84. Darasa la awali mtoto analianza akiwa na miaka 5 hivi. Katikati hapo kuna zaidi ya miaka minne ambayo familia inajitegemea yenyewe. Na mwenye genge hana hata hizo siku 84.

Wapo wanachama wanaosema malezi ni jambo la nyumbani, na bibi wapo. Tunawaheshimu. Ila tuangalie sokoni alfajiri: bibi wengi wa mtaa huu wako pale pale wanauza mchicha na dagaa. Nao wanatafuta riziki.

*Pendekezo letu ni hili:* ukumbi wa tawi utumike kulea watoto wa miaka 2 hadi 4, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Jioni na mwisho wa wiki harusi na vikao viendelee kama kawaida.

Hesabu yake: watoto 20 kwa shilingi 1,500 kila mmoja ni 30,000 kwa siku. Walezi wawili kwa 10,000 kila mmoja ni 20,000. Inabaki 10,000 ya uji, maji na sabuni. Hakuna faida, hakuna hasara. Inawezekana kwa sababu pango halipo, na mama anamleta mtoto kwa miguu.

Hatutaficha gharama upande wetu. Tutakosa fedha za semina za asubuhi, ambazo kwa miezi mitatu iliyopita zilikuwa mara 4 tu. Itabidi tutengeneze choo kinachomfaa mtoto na tuzibe uzio upande wa barabarani. Na hatutafungua mlango bila usajili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kiwe na kibali, hivyo tutaanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii, aje akague na atueleze sifa za walezi.

Fedha za kuanzia, akina mama wenye kikundi waombe mkopo usio na riba wa halmashauri. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 ni ya wanawake. Diwani tumwombe atusaidie kufuatilia, na asipofuatilia tumuulize kwenye mkutano wa hadhara, hata kama ni wa kwetu.

Jambo la mwisho. Tumeulizwa kama kituo kitapokea watoto wa wanachama tu. Jibu letu ni hapana. Mtoto hana kadi ya chama. Tukianza kuchagua mlangoni, tutakuwa tumeshindwa kabla ya kuanza.

Wenye hesabu tofauti waje nazo kwa maandishi, tutazisoma mbele ya wote. Wajumbe wa mashina, tafadhali wafikishieni ujumbe huu wasio na simu janja, hasa akina mama wa sokoni. Hao ndio tunaotaka kuwasikia kwanza.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi