Mwuguzi Ni Mtumishi wa Nani?

Juma lililopita tulizungumza habari za dhamana ya mtu ashikaye fedha za wenzake. Juma hili nataka tuitazame dhamana nyingine, ambayo haihesabiwi kwa shilingi wala haiandikwi katika daftari la stakabadhi, lakini ikivunjwa haina fidia. Nayo ni dhamana ya mwuguzi wa hospitali.

Siku chache zilizopita nilikuwa nimeketi na wazee penye kiwanda cha kahawa, tukingojea zamu yetu ya mizani. Mazungumzo yakaingia hospitalini, kama yaingiavyo siku zote wazee wakikutana. Mzee mmoja akasema, “Daktari ni kichwa, na mwuguzi ni mkono. Mkono hauulizi kichwa swali.” Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa si adabu kubishana na mzee mbele ya watu. Lakini neno lile lilinifuata mpaka nyumbani, na leo naomba ruhusa yake nilijibu kwa kalamu.

Kwanza nakiri kwamba mzee hakusema upuuzi. Wauguzi wengi wa zamani walifundishwa vivyo hivyo. Florence Nightingale, yule bibi Mwingereza aliyewauguza askari katika vita vya Crimea, alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, na utii ulikuwa sehemu kubwa ya malezi yake. Mwaka 1893, katika mji wa Detroit, Marekani, ilitungwa ahadi ya wauguzi iliyopewa jina la bibi huyo, ambayo ndani yake mwuguzi aliahidi kumsaidia daktari kwa uaminifu na kuzitunza siri za wagonjwa. Tena mwaka 1953 Baraza la Wauguzi la Kimataifa lilikubali kanuni za maadili ya kazi hiyo. Kanuni hizo zilimtaka mwuguzi atimize maagizo ya daktari kwa akili na kwa uaminifu, na papo hapo zikamtaka akatae kushiriki katika jambo lisilo adili.

Angalieni, ndugu zangu, jinsi amri hizo mbili zilivyowekwa bega kwa bega. Siku nyingi zinakwenda pamoja kama ng'ombe wawili katika nira moja. Taabu huanza siku ile mmoja anapovuta kulia na mwingine anapovuta kushoto.

Nitawapeni mifano miwili, yote ya Marekani. Wa kwanza ulitangazwa mwaka 1966 na daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Charles Hofling, pamoja na wenzake. Walitaka kujua mwuguzi atafanya nini akipewa amri mbaya. Mtu aliyejiita daktari, ambaye wauguzi hawakumfahamu, alipiga simu katika wodi ishirini na mbili, akamwamuru mwuguzi wa zamu ampe mgonjwa fulani miligramu 20 za dawa fulani. Juu ya kasha la dawa hiyo palikuwa pameandikwa wazi kwamba kipimo cha juu kabisa kwa siku ni miligramu 10. Tena amri za dawa kwa simu zilikuwa zimekatazwa na hospitali yenyewe. Kwa kweli dawa ile haikuwa na madhara, lakini wauguzi hawakujua. Je, wangapi waliinuka kwenda kuitoa? Ishirini na mmoja kati ya ishirini na wawili. Walizuiwa kabla hawajaifikisha kwa mgonjwa. Na wauguzi wengine walipoulizwa jambo lilo hilo kwa maandishi, kumi kati ya kumi na wawili walisema kwamba wao wasingalitii kamwe.

Basi hapa pana somo kwetu sote, hata sisi tusiovaa sare nyeupe. Mtu aketiye penye kiti chake, mwenye nafasi ya kufikiri, hujiona shujaa. Mtu anayesimama peke yake usiku, simu mkononi, na sauti ya mkubwa imemjaa sikioni, ni mtu mwingine. Wale ishirini na mmoja hawakuwa wauguzi wabaya. Walikuwa mikono iliyozoea kutokiuliza kichwa swali.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, na wakulima watauona karibu nao. Katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, mwaka 1932, idara ya afya ya serikali ya Marekani ilianza kuwachunguza wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na ugonjwa wa kaswende, ambao wazee wengine huuita sekeneko. Hawakuambiwa jina la ugonjwa wao. Waliambiwa wana damu mbaya, na kwamba wanatibiwa, kumbe madaktari walitaka kuona tu ugonjwa ule utawafanyia nini mpaka kufa kwao. Hata dawa ya penisilini ilipokuwa tiba inayojulikana, katika miaka ya 1940, hawakupewa. Jambo hilo liliendelea kwa miaka 40, mpaka magazeti yalipolifichua mwaka 1972. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake.

Kati ya madaktari wale na wakulima wale alisimama mwuguzi mmoja, Eunice Rivers, mwanamke mweusi kama wao. Yeye ndiye aliyewachukua kwa gari kwenda kuchunguzwa, ndiye aliyezijua nyumba zao na watoto wao, na mtu alipofariki ndiye aliyezungumza na jamaa ili maiti ipasuliwe, nao wapate msaada wa gharama za maziko. Watu walimpenda, naye kwa dalili zote aliwapenda. Baadaye alieleza kwamba mwuguzi wa siku zake alifundishwa kufuata maagizo ya daktari. Nami sitaki kumhukumu kwa urahisi, kwa kuwa alikuwa mtu wa chini katika nchi iliyowabagua watu wake. Lakini twaweza kusema hivi: upole wake ndio uliowafanya wale wakulima waendelee kuja. Mkono laini ulitumiwa kulifunga tundu.

Mwaka 1973 kanuni zile za kimataifa ziliandikwa upya, zikasema kwamba wajibu wa kwanza wa mwuguzi ni kwa watu wanaohitaji huduma yake. Mwaka 1979 wanachuoni wawili, Tom Beauchamp na James Childress, walitoa kitabu kilichokusanya mambo manne ambayo hufundishwa hata leo: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa mwenyewe, kutomdhuru, kumtendea mema, na kuwatendea wote kwa haki. Kwa hiyo swali la mwuguzi ni mtumishi wa nani limekwisha jibiwa katika vitabu. Ni mtumishi wa mgonjwa. Daktari na mwuguzi ni watumishi wawili wa bwana mmoja, naye ndiye yule aliyelala kitandani.

Hata hivyo, kulijua jibu si kuimaliza kazi, na jambo hilo nililijifunza kwa aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu wa kike aliposwa. Wazee wetu walikuwa wamesikia kwamba yule kijana huonekana katika foleni ya zahanati fulani siku fulani za mwezi, wakaingiwa na shaka. Binti wa mjomba wangu ni mwuguzi katika zahanati hiyo. Basi wakanituma mimi, karani, mtu wa kusoma, nikamwulize kwa upole yule kijana ana ugonjwa gani.

Alinikaribisha vizuri, akanipikia chai. Nilipomaliza kuuliza akaniambia, “Kaka, chai nitakupa, lakini hilo sitakupa.”

Nikamsihi. Nikamwambia, “Huyu bibi arusi ni mdogo wako vilevile. Akipatwa na madhara, utasema nini mbele ya Mungu?”

Alikaa kimya muda mrefu, na niliona machozi yakimlengalenga. Kisha akasema, “Hata ningejua kwamba ni mzima kama chuma nisingekuambia. Nikikuambia leo kwamba huyu ni mzima, kesho atakuja mwingine kuniuliza habari za mtu mwingine. Nikinyamaza, kunyamaza kwangu kutakuwa kumesema. Mwambie dada yetu azungumze na mchumba wake. Wakitaka, waje pamoja, wapimwe kwa hiari yao, waelezwe pamoja. Mlango huo u wazi.”

Niliondoka nimekasirika. Wazee walisema kwamba masomo yamemtia kiburi, na siku ya arusi hakuitwa kuketi pamoja na shangazi wa bibi arusi. Alipika nyuma ya nyumba kama mgeni, wala hakulalamika. Mdogo wangu alikuwa amefanya kama alivyoshauriwa. Walikwenda wawili, wakarudi wawili, wakaoana. Waliloambiwa mle ndani silijui hata leo, wala sina haki ya kulijua.

Mwaka uliofuata nilipata ugonjwa mimi mwenyewe, na ni binti huyo huyo aliyenihudumia. Sitautaja ugonjwa huo hapa, na hiyo ndiyo maana ya habari yangu. Ofisini hawakuujua, wala kijijini, wala shangazi zake waliomdharau. Ndipo nilipokumbuka kwamba katika kazi yangu napitisha majalada ya watu kila siku, na kama yeye angalinijia kuniuliza yaliyomo katika jalada la mtu ningalimfukuza. Jambo ambalo nisingalimpa, nilimwendea yeye ili anipe, tena kwa kumtajia Mungu.

Wengine watauliza: na kama kweli pangalikuwa na hatari? Swali hilo ni la haki, na sisemi kwamba lina jibu jepesi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu UKIMWI inakataza kutoa matokeo ya mtu bila ridhaa yake, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa, na inakataza pia kumlazimisha mtu apimwe ili aruhusiwe kuoa au kuolewa. Katiba ya mwaka 2010 nayo inailinda faragha ya kila mtu. Lakini sababu ya msingi ilikuwapo kabla ya sheria hizo. Wahenga walisema, mficha ugonjwa kifo humuumbua. Kama watu wakijua kwamba habari ya zahanati hufika sokoni kabla ya jua kutua, wataficha, na atakayeficha atawaambukiza wengine. Ile siri iliyoniudhi mimi ndiyo iliyomwezesha yule kijana kusimama katika foleni, kwa sababu yo yote iliyompeleka.

Yafaa basi tujue yanayotupasa sisi tusio wauguzi. La kwanza, tusimwendee mwuguzi ndugu yetu kumwomba siri ya mtu, wala tusimwombe aturushe foleni kwa ajili ya undugu. Mgonjwa aliyelala chini akiwa hana ndugu zahanatini hana kosa. Tukimlazimisha ndugu yetu achague kati yetu na kazi yake, sisi ndio tunaomdhulumu.

La pili, tukiona mwuguzi anasimama kumwuliza daktari juu ya kipimo cha dawa, tusidhani kwamba hana adabu. Mwuguzi mwema anayetilia shaka amri hapigi kelele wala hatoroki. Huirudia amri kwa sauti ili daktari aisikie tena, huomba iandikwe, na akiwa bado na shaka humwita mkubwa wake kabla hajagusa sindano. Huo si ukaidi. Pengine ni yeye tu anayesimama kati yetu na kaburi usiku huo.

La tatu, tuulize. Wale wakulima wa Alabama hawakujua kwamba walikuwa na haki ya kuuliza jina la ugonjwa wao na jina la dawa yao. Sisi tunajua. Mtu auzaye kahawa huuliza bei ya kilo, na anayetia sahihi husoma kwanza. Mwili wa mtu si kitu duni kuliko gunia la kahawa.

Na sasa namrudia mzee wangu wa penye mizani, kwa heshima zote. Mzee, ni kweli mwuguzi ni mkono. Lakini wewe umelima na kupika miaka mingi, nawe umewahi kugusa kaa la moto. Je, mkono wako ulingoja amri ya kichwa? Ulijiondoa kwanza, na kichwa kikajua baadaye kwamba kimeokolewa.

Binti wa mjomba wangu yungali katika zahanati ile ile. Mwezi uliopita mdogo wangu alijifungua, na aliyemtaka awe kando ya kitanda chake hakuwa shangazi ye yote. Alimwita yeye.

Hadi juma lijalo, kwaherini.