Picha Haitakasiki kwa Kuzeeka

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Limeenea neno katika mabaraza yetu, na kila anayelisema hulisema kama mtu aliyekwisha toa fatwa. Neno lenyewe ni hili: "Picha za zamani zilikuwa na heshima, za siku hizi ni upotofu mtupu." Lasemwa hapa Wesha, lasemwa Chake, na Unguja ndiyo usiseme. Na lasemwa zaidi siku hizi, kwa kuwa senema za Kihindi za miaka ya khamsini zimerudi kwa njia ya simu. Kijana humtilia babu yake picha aliyoiona utotoni, mzee akaitazama upya, machozi yakamlengalenga, kisha akamgeukia mjukuu: "Umeona, bwana? Hizi ndizo picha. Si hayo machafu yenu."

Neno hili twalipinga. Hatulipingi kwa kuzitetea picha za leo, kwani nyingi katika hizo hazina mtetezi. Twalipinga kwa kuwa si kweli. Na mtoto akimkuta babu yake hakusema kweli katika jambo dogo, hatamwamini tena katika kubwa. Leo amemdanganya juu ya senema, kesho atamwambia juu ya Sala na juu ya zinaa, na mtoto atasema moyoni: "Babu naye!"

Tuanze na msingi. Katika dini yetu kitu hakiwi chema kwa kukaa sana. Mvinyo ukiwekwa miaka khamsini hauwi maji. Waliomkatalia Mtume s.a.w. hoja yao kubwa ilikuwa kwamba wamewakuta baba zao juu ya mambo yao, na Qur'ani ikawauliza, katika Suratul Baqara aya ya 170, je, hata kama baba zao walikuwa hawafahamu kitu wala hawakuongoka? Hatuwafananishi wazee wetu na watu wale, hasha. Twasema hoja ni ile ile, na hoja ikiwa mbovu kwa mmoja ni mbovu kwa wote.

Sasa tuzitazame picha zenyewe zinazosifiwa, na waliokwisha kuziona watashuhudia.

Katika za mwanzo wataitaja Awaara, iliyotoka mwaka 1951, ya Raj Kapoor na Nargis. Ilipendwa Unguja, ikapendwa Urusi na Uturuki mpaka Uchina. Ndani yake bibi yule amevaa nguo ya kuogea baharini, mbele ya mwanamume asiye maharimu wake. Mwanamume yule akampiga makofi kwa neno moja la mzaha aliloambiwa, na badala ya mapenzi kupungua, yakazidi. Tena mna ndoto ndefu yenye masanamu makubwa ya kuabudiwa, watu wakicheza ngoma mbele yake. Mambo haya yangekuwa ndani ya simu ya kijana, katika picha iliyotoka mwaka huu, mzee angesemaje? Angemnyang'anya simu. Lakini kwa kuwa ni ya mwaka 1951, na haina rangi, na nyimbo zake alizisikia akiwa mdogo, uchi umekuwa heshima na kofi limekuwa mahaba. Na Bibi Aisha r.a. ametupokelea, kama alivyotoa Imam Muslim, kwamba Mtume s.a.w. hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Basi heshima ya wapi hiyo?

Ajabu zaidi ni kuwa lililo jema ndani ya picha ile halitajwi. Kiini cha hadithi yake ni jaji. Mkewe alitekwa na jambazi, akarudishwa baada ya siku chache, akadhihirika ana mimba. Watu wakanong'ona, jaji akamfukuza usiku, naye akazaa barabarani. Mtu huyu kazi yake ni kuhukumu kwa ushahidi, lakini nyumbani kwake amehukumu kwa uvumi! Muislamu aliyesoma atakumbuka papo hapo Suratun Nur: mashahidi wanne katika aya ya 4, na katika aya ya 12 ile lawama kwa walioisikia singizio wasiwadhanie wenzao kheri. Wazee wangapi walimlilia mama yule ndani ya senema, na nje wakaachisha wake za watu kwa maneno ya barazani? Machozi waliyatoa, funzo wakaliacha pale kitini, wakatoka na nyimbo.

Ya pili ni Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Hii hutajwa kama mama wa picha zote. Ukiitazama upya kwa jicho la msomi utaona kuwa toka mwanzo mpaka mwisho ni habari ya riba. Mama mkwe alikopa rupia 500 kwa mkopeshaji wa kijiji. Hakujua kusoma. Mkopeshaji akasema kuwa mkataba ni kuchukua robo tatu ya mavuno kila mwaka kuwa ni faida, na deni lenyewe libaki pale pale. Wazee wa kijiji wakampa haki mkopeshaji, kwa kuwa karatasi ni yake. Na pesa zile zilikopwa kwa ajili ya nini, ndugu msomaji? Zilikopwa kwa ajili ya harusi.

Hapa ndipo ninaposhangazwa na watu wa kisiwa hiki. Sisi riba ya namna ile hatukuijulia ndani ya senema. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yaliwekwa rehani kwa wakopeshaji mpaka ikafika mwaka 1934 serikali ya kikoloni kutunga amri ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie mikononi mwa wadai. Miaka ishirini na mitatu baadaye ikaja picha ya riba hiyo hiyo, na watoto wa waliowekewa rehani wakalia kwikwi. Walijua wanachokililia? Wangejua, leo tusingeona watu wakikopa kwa faida ili wapige tarumbeta siku moja na walipe miaka miwili. Mzee anayeisifu Mother India na huku anamwambia mwanawe, "Kakope, harusi isitutie aibu," huyo picha hakuiona. Aliona taa tu.

Na lau yule mama mkwe angefundishwa aya ya 282 ya Suratul Baqara, angejua kwamba deni huandikwa, kwamba mwandishi ni awe muadilifu, na kwamba anayeandikisha ni mwenye kudaiwa, au walii wake akiwa hawezi, si mwenye kudai peke yake. Funzo hili limo katika picha ya Mabaniani, nasi tunatoka nalo bila ya habari.

Mtu atauliza: "Basi sheikh, ile heshima tunayoikumbuka sisi ilikuwa ndoto?" Jawabu ni kuwa haikuwa ndoto. Ilikuwapo, ila mmeikosea mahali pake. Haikuwa ndani ya picha, ilikuwa ndani ya watu.

Unguja ilipata jumba kubwa la senema, Royal, mwaka 1921, na baadaye yakaja Majestic, Empire na Sultana. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, asiingie mwanamume. Palikuwa na kamati ya kukagua picha na kukata kisichofaa. Mtu alikwenda na jamaa zake, amevaa nguo yake nzuri, na jirani akimwona. Hata televisheni ya rangi ilipokuja Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla ya nchi nyingine zote za Afrika kusini ya Sahara, watu wa mtaa mzima walikusanyika mbele ya kioo kimoja. Likitokea la aibu, mtu mzima akikohoa, watoto wakiinamisha vichwa. Heshima ilikuwa ile buibui, ule ukaguzi, jirani yule, na kikohozi kile.

Leo picha ile ile ya 1951 imo mkononi mwa mtoto wa miaka kumi, chini ya chandarua, saa sita ya usiku, na hakuna anayekohoa. Mzee akisema "za zamani hazina neno", amempa ruhusa, naye amelala. Hiyo ndiyo hasara ya neno hili. Kusifu picha ni rahisi, hakuhitaji kazi. Kuirudisha heshima ndani ya nyumba ni kazi, na kazi hiyo tumeikimbia tukajificha nyuma ya sifa za Raj Kapoor.

Mwengine atasema: "Hizo ni za Kihindi. Sisi tuna picha yetu ya Kiislamu." Anakusudia Ar-Risala ya Moustapha Akkad, mtu wa Halab, iliyotoka mwaka 1976. Kila ukiingia Mfunguo Sita hutafutwa na kutazamwa upya. Tuseme juu yake kwa uadilifu, kwani nayo imezeeka.

Picha hii ilipigwa mara mbili, kwa Kiarabu, Abdullah Ghaith akiwa Sayyidna Hamza, na kwa Kiingereza, Anthony Quinn akishika nafasi hiyo. Mtume s.a.w. haonekani ndani yake wala sauti yake haisikiki. Hata hivyo Rabita ya Makka iliikataa. Mwezi wa Machi 1977, mjini Washington, watu wenye silaha waliteka majengo matatu na kushika mateka karibu 150, na katika waliyoyataka ni picha hii iondoshwe. Kijana mmoja mwandishi wa habari aliuawa. Uvumi uliokuwa ukienea ni kuwa mwigizaji wa kizungu anajifanya Mtume, na ulikuwa uongo. Ziko wapi amri za Suratul Hujurat, aya ya 6, za kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga? Kisha mwaka 2018 picha ile ile ikaonyeshwa katika majumba ya senema ya Saudia. Picha haikubadilika hata tone. Walibadilika watazamaji.

Basi aliyeihukumu bila ya kuiona amekosa. Lakini na huyu wetu anayeiweka mahali pa kitabu cha sira amekosa pia. Kwa adabu, watengenezaji hawakuwaonyesha wake za Mtume wala Makhalifa wanne. Adabu hiyo twaishukuru, lakini ifikirie kwa upande wa mtoto asiyesomeshwa kitu kingine. Atamjua Hamza kwa sura ya Anthony Quinn, na atamjua Hindi, lakini Bibi Khadija, wa mwanzo kuamini, hana sura wala sauti mbele yake. Sayyidna Abubakar, mwenziwe Mtume pangoni, hamuoni. Mtoto huyo amepewa sira iliyotobolewa katikati, na baba amefurahi kuwa mwanawe "amejifunza dini". Picha ile ni mlango. Anayesimama mlangoni miaka yote asiseme ameingia nyumbani.

Sasa tufanye nini? Sisemi kila nyumba iwe senema. Aliyeweza kuacha, na aache, ndiyo salama yake, na wakati wake ataulizwa. Lakini anayetazama, na ninyi wengi mnatazama, na ashike mambo matatu.

La kwanza, mizani iwe moja. Unalolikataa katika picha ya leo likatae katika ya 1951, na jema ulilolikubali katika ya zamani likubali likitokea katika mpya. Ole wao wapunjao vipimo, na vipimo haviko dukani tu.

La pili, ukiitazama picha ya zamani kwa mara ya pili, usijiulize kama bado inakuliza. Jiulize ilikufunza nini wakati ule na ukafuata nini. Miaka sitini imepita. Picha ni ile ile, wewe ndiye wa kuhesabiwa.

La tatu, kaa na mjukuu wako. Kitu hicho kikiwaka, nawe uwepo. Penye kofi mwambie, "Hili si la Mtume wetu." Penye riba mfungulie Suratul Baqara. Ar-Risala ikimalizika mpeleke chuoni akasomeshwe sira kwa mwalimu, na umsikilize jioni amesoma nini. Ukifanya hivyo utakuwa umemrudishia kile kikohozi, nacho ndicho alichokikosa, si picha ya rangi mbili.

Na kijana akikwambia, "Babu, na hii yako ina uchi," usimpige. Mwambie, "Umesema kweli, mwanangu," na uizime. Siku hiyo utakuwa umemfundisha heshima zaidi ya picha zote za Bombay.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki, atupe kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili, atupe kuiepuka, iwe mpya au imeota mvi. Amin.

Wesha, Pemba