Askari, vua pete kabla haijakuvua kidole

Waswahili husema kwamba wapendanao ni kama chanda na pete. Ni msemo mtamu, na wengi wetu tumeusikia arusini mara nyingi mno hata hatuutilii maanani tena. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza ni nini hutokea siku pete inaponasa mahali, nao mwili wa mwenye pete ukaendelea na safari yake?

Mimi nilipata jibu kwa jirani. Miaka kadhaa iliyopita, mtaani kwetu hapa Nairobi, palikuwa na kijana mmoja mwanajeshi wa cheo cha koplo. Alikuwa ameoa miezi michache tu kabla ya kikosi chake kupelekwa mpakani. Siku moja tulimwona amerejea kabla ya likizo yake kufika, mkono wa kushoto umefungwa bendeji hadi kifundoni. Hakupigwa risasi wala hakukanyaga bomu. Alikuwa akiruka kutoka nyuma ya lori, jambo alilolifanya kila siku, na pete yake ya ndoa ikanasa kwenye ndoano ya kufungia turubai. Mwili ukaenda chini, pete ikabaki juu. Kidole hakikuokolewa.

Kilichoniuma zaidi ni maneno ya mkewe. Alinieleza kwamba usiku wa kuamkia safari alimwapisha mumewe asiivue pete ile hata akioga. Sajini wake kambini alimwonya zaidi ya mara moja aivue wakati wa kazi. Naye alikuwa akiitikia, "Ndiyo, afande," kisha sajini akigeuka anairudisha kidoleni. "Laiti ningalijua," mama huyo aliniambia, "ningaliivua kwa mkono wangu mwenyewe."

Kwa ajili ya watu kama hawa wawili, nasema wazi: pete ya ndoa haifai kuwa kidoleni mwa mwanajeshi aliye kazini. Na wa kwanza kumruhusu aivue awe ni mwenzake wa nyumbani.

Kidole huvuliwa kama soksi

Hebu fikiria mtu wa kilo 75, ana mzigo mgongoni, anaruka kutoka juu ya gari. Pete ikinasa, uzito huo wote unaning'inia kwa nukta moja kwenye duara jembamba la dhahabu. Watu hudhani dhahabu, kwa kuwa ni laini, itakatika. La, haikatiki upesi. Kinachokatika ni nyama. Ngozi huchubuka kutoka kwenye shina la kidole na kuvutwa kuelekea ncha, kama mtu anavyovua soksi, ikienda na mishipa ya damu na neva. Wakati mwingine mfupa hubaki mahali pake, mtupu. Wakati mwingine nao hung'oka.

Tangu mwaka wa 1981 madaktari wamekuwa wakitumia mpango wa daktari mpasuaji wa Marekani, James Urbaniak, na wenzake, unaogawa majeraha haya katika madaraja 3. La kwanza ni pale damu ingali ikifika kwenye kidole vizuri. La pili ni pale damu haifiki ya kutosha, hivyo mishipa lazima iunganishwe. La tatu ni pale ngozi yote imevuliwa au kidole kimetoka kabisa. Mishipa yenyewe ina unene wa kama milimita 1. Kuishona kunahitaji hadubini, uzi mwembamba kuliko unywele, na daktari aliyesomea kazi hiyo. Hospitali za namna hiyo haziko karibu na mpaka, na mara nyingi uamuzi wa busara unaobaki ni kukikata kidole kilichosalia.

Huenda ukasema haya ni ya nadra. Basi mkumbuke Paulo Diogo, mwanasoka wa klabu ya Servette ya Uswisi. Tarehe 5 Desemba 2004, katika mechi dhidi ya Schaffhausen, alishangilia bao kwa kupanda ua wa uwanja. Aliporuka chini, pete yake ilinasa kwenye ua na sehemu ya kidole ikabaki huko. Mwamuzi alimwonyesha kadi ya manjano. Mwaka wa 2015 mtangazaji wa televisheni wa Marekani, Jimmy Fallon, alijikwaa kwenye zulia nyumbani kwake, pete ikanasa alipokuwa akianguka. Alifanyiwa upasuaji wa saa 6 na kulazwa siku 10 katika chumba cha wagonjwa mahututi, na kidole chake kikaokolewa. Ikiwa zulia la nyumbani laweza kufanya hivyo, je, lori la jeshi?

Mwanajeshi huishi katikati ya ndoano

Itazame kazi ya askari. Huparamia magari, hupanda kuta na nyavu za mafunzo, huteremka kwa kamba, hubeba masanduku ya risasi yenye vishikio vya chuma, hufungua na kufunga milango mizito. Kila kitu kimejaa kulabu, bawaba na pembe zinazoweza kunasa pete.

Kisha kuna umeme. Magari mengi ya kijeshi hutumia betri za volti 24. Fundi akishika spana iliyogusa ncha ya betri, na pete yake ikagusa bodi ya gari, umeme wote hupitia kwenye pete. Umeme huo haumuui, lakini pete hupata moto mkali kwa nukta chache na kumchoma kidole kuzunguka pande zote. Ndiyo maana jeshi la Marekani, ambalo kanuni zake zinamruhusu askari kuvaa pete ya ndoa akiwa na sare, huwataka mafundi wake wa ndege waivue wanapofanya kazi.

Hatari ya tatu ni uvimbe. Mkono uliovunjika, ulioungua, ulioumwa na nge au nyoka huvimba, na pete haivimbi pamoja nao. Hukaza, damu ikashindwa kupita, na kidole kikafa polepole. Huko Kaskazini Mashariki na ng'ambo ya mpaka nyoka aina ya moma ni wengi, na sumu yake huvimbisha mkono mzima.

Ndoa haikai kwenye chuma

Najua pete si kipande cha chuma tu. Kwa mtu aliye mbali na watoto wake kwa miezi mingi, kuigusa usiku ni faraja. Katika Vita Kuu vya Pili, vya 1939 hadi 1945, askari wengi wa Ulaya na Marekani walianza kuvaa pete kwa sababu hiyo hiyo, na desturi ya wanaume kuvaa pete ya ndoa ikaenea sana. Simcheki mtu anayeipenda pete yake.

Lakini tusisahau tulikotoka. Wakati ule ule vijana wetu wa King's African Rifles walikuwa wakipigana Burma. Wengi wao waliacha nyumbani wake waliowaoa kwa mahari na baraka za wazee, bila pete yoyote. Hata leo Waislamu wengi wanaume hawavai pete ya dhahabu, kwa kuwa dini yao huwakataza, na hakuna aliyewahi kusema ndoa zao ni nusu.

Tuseme sasa lile ambalo wake za wanajeshi hulisema kwa kunong'ona: mume asiye na pete, mbali na nyumbani, hujifanya kapera. Dada yangu, hofu yako ina msingi, lakini dawa uliyoichagua si yake. Mwanamume aliyekusudia kukusaliti huitia pete mfukoni mlangoni mwa baa na kuirudisha asubuhi. Asiyekusudia hahitaji mlinzi kidoleni. Wala pete haijawahi kumkinga mtu na UKIMWI. Kinachokinga ni uaminifu, kondomu pale uaminifu unapoteleza, na nyinyi wawili kwenda kupimwa pamoja kabla ya safari na baada yake. Hayo ni mazungumzo magumu. Ni rahisi zaidi kumwambia mtu, "Usivue pete." Lakini jirani yangu aliulipia urahisi huo kwa kidole.

Nini kifanyike

Kwako askari, mume au mke: vua pete kabla ya kupanda gari, kushika mashine, betri au kamba, na kabla ya mafunzo ya viungo. Iweke katika mfuko wenye kifungo, au iache kwenye sanduku lako. Ukiivaa kwenye mkufu shingoni, uwe mkufu unaokatika upesi ukivutwa, na karibu na mashine inayozunguka uuvue pia. Siku hizi zipo pete za silikoni ambazo hukatika zikinaswa na hazipitishi umeme. Kwa doria na kazi za kawaida zinafaa kuliko chuma. Ukinunua pete ya chuma, jihadhari na zile za tangsteni. Mkasi mdogo wa hospitali unaokata dhahabu na fedha hauziwezi. Huna budi kuzipasua kwa koleo.

Kwa makamanda: amri ya kuvua pete isiwe ushauri wa sajini mwenye huruma. Iwe sehemu ya ukaguzi kabla ya kazi, kama kofia ya chuma na buti. Nao makasisi na maimamu wa kambini waliseme jambo hili mbele ya bwana na bibi arusi wote wawili, ili yeyote asidhani kuivua ni kuvunja kiapo.

Na ajali ikitokea? Mkono ukiumia au kuumwa, vua pete mara moja kabla haujavimba. Ikiwa imekwama, inua mkono juu, uupoze kwa maji baridi, kisha paka sabuni au mafuta. Ikikataa, pitisha ncha ya uzi chini ya pete kuelekea kiganjani. Uzi uliobaki uzungushe kidoleni kwa kukaza, kuanzia kwenye pete hadi kupita kifundo cha kidole. Halafu ufungue uzi kwa kuvuta ile ncha ya upande wa kiganja, na pete itasogea mbele kidogo kidogo. Kidole kikianza kugeuka rangi au kufa ganzi, usipoteze wakati, nenda hospitali pete ikakatwe. Pete huungwa tena na sonara.

Kidole kikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi kuzuia damu. Kipande kilichotoka kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uweke juu ya barafu. Kisiguse barafu yenyewe, kwani huunguzwa na baridi na kuharibika.

Namalizia kwa jirani yangu. Yule koplo na mkewe wangali pamoja na wamejaliwa watoto 2. Bwana hana pete, wala hana kidole cha kuivalia, na hakuna jirani anayeuliza kama ameoa. Basi wewe ambaye mwenzako anafunga mkoba wa safari jioni ya leo, mwombe pete yake. Mwambie utamtunzia mpaka arudi, na ukimvika tena mlangoni, akuvikie kidole chake mwenyewe, kizima.