Mgongo wa Mtoto Haungoji Kliniki

Akina mama wengi wakiona dalili za mimba hungoja miezi mitatu au minne kabla ya kwenda kliniki. Siku hiyo mama hupimwa, huandikiwa kadi, naye hupewa vidonge vya kuongeza damu ambavyo ndani yake mna asidi ya foliki. Jambo hili ni jema, na kila mjamzito hana budi kuvimeza kama aelekezwavyo. Lakini leo twapenda kuwaambia wasomaji wetu jambo ambalo halijasemwa vya kutosha: kwa uti wa mgongo wa mtoto, vidonge hivyo vimechelewa.

Mtoto anapoanza kuumbika, ubongo na uti wake wa mgongo huwa kama ukanda mwembamba, ambao hujikunja na kufunga ukawa mrija. Kazi hiyo hukamilika katika siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama pengine hajajua kuwa ana mimba. Mrija usipofunga sawasawa upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi hupata pia kichwa kikubwa, yaani maji kujaa kichwani. Usipofunga upande wa juu, mtoto hawezi kuishi.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wapo wazazi wanaosafiri mbali kufika hospitali kubwa kwa ajili ya upasuaji. Wapo akina mama walioacha kazi ili kumwuguza mtoto ambaye miguu yake haina nguvu. Juu ya mzigo huo majirani huongeza maneno, kwamba nyumba ile imelogwa au mama yule ana mkosi. Maneno hayo ni ujinga, nasi twayakataa.

Elimu ya kinga tunayo. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika nchi 7 kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hii. Kwa wale waliopewa asidi ya foliki kabla ya mimba na katika miezi yake ya kwanza, hatari ya kupata mwingine ilipungua kwa asilimia 72. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mwanamke ameze mikrogramu 400 kila siku, tangu anapoanza kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Aliyekwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari mapema, maana huenda akahitaji kipimo kikubwa zaidi. Wala asiache dawa zake kwa shauri lake mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba chakula chatosha. Mchicha, kunde na maharage vina faida hii, na tuvile; lakini sehemu yake hupotea jikoni, tena mimba nyingi huja bila kupangwa. Kwa sababu hiyo Tanzania ilitunga kanuni mwaka 2011 za kutia virutubishi katika unga wa viwandani. Unga huo humfikia mla mkate wa mjini. Lakini wananchi wengi hula ugali wa mahindi yaliyosagwa katika mashine ndogo ya mtaani au kijijini, na aghalabu unga huo haukutiwa kitu. Viko vifaa vidogo vya kutia virutubishi ambavyo hufungwa katika mashine hizo, na vimekwisha kutumika humu nchini. Sharti vienee.

Basi twasema hivi. Zahanati zisingoje tumbo lionekane: mwanamke anayeacha uzazi wa mpango kwa kutaka mtoto apewe vidonge siku hiyo hiyo. Wachumba waambiwe kabla ya harusi. Viongozi wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi walitie jambo hili katika ajenda za mikutano yao, na wanaume wakae wasikilize, maana mtoto ni wa wawili.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu una siku 28 tu za kuzibwa, nazo huanza kabla mama hajajua.