UCHAMBUZI: Mtihani wa Kiingereza usiopima masikio wawapunja vijana wa Eastlands

MTIHANI wa Kidato cha Nne, KCSE, huwapima watahiniwa wa Kiingereza kwa karatasi tatu. Katika zote tatu, hakuna hata swali moja linalomtaka mtahiniwa kusikiliza mtu akizungumza.

Huenda wazazi wengi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Kayole na Dandora, hawajalitafakari jambo hili. Wao huitazama gredi iliyoandikwa kwenye cheti na kuamini kwamba mtoto aliyepata B ya Kiingereza anakijua Kiingereza kwa kiwango hicho. Ukweli ni kwamba cheti hicho kinaeleza jinsi anavyoandika na, kwa kiasi fulani, jinsi anavyosoma. Kuhusu anavyosikia na kuelewa, cheti kiko kimya.

Muundo unaotumika katika KCSE ulianza kutahiniwa mwaka wa 2006, kufuatia silabasi iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2002. Karatasi ya kwanza ina alama 60, ya pili 80 na ya tatu 60. Jumla ni alama 200.

Katika karatasi ya kwanza, uandishi wa kiuamilifu, yaani barua, kumbukumbu na kadhalika, una alama 20. Kujaza mapengo kuna alama 10. Alama 30 zinazosalia zimetengewa kile kinachoitwa stadi za mazungumzo.

Ni katika alama hizo 30 ambapo kasoro inajitokeza. Mtahiniwa huulizwa aandike neno linalotamkwa sawa na ‘knight’, au aonyeshe silabi inayotiwa mkazo katika neno fulani. Huenda pia akapewa mazungumzo yaliyochapishwa, atambue mahali ambapo mmoja wa wazungumzaji amekosa adabu. Yote haya huyajibu kwa kalamu, katika chumba chenye kimya cha makaburini. Anaweza kuzoa alama zote 30 bila kufungua kinywa wala kutega sikio.

Kinaya ni kwamba Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, halishindwi kupima usikivu. Watahiniwa wa KCSE wanaofanya Kifaransa husikiliza vifungu na kuvijibia maswali, kisha hukaa mbele ya mtahini na kuzungumza. Wale wa Muziki nao hupimwa masikio. Kwa hivyo, katika shule moja, wanafunzi wachache wanaosoma Kifaransa hupimwa kama wanakielewa kikizungumzwa, ilhali mamia wanaosoma Kiingereza, lugha rasmi ya nchi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, hawapimwi.

Haki inatutaka tuongeze kwamba Kiswahili chetu hakijatendewa vyema zaidi. Karatasi zake tatu za Insha, Lugha na Fasihi hujibiwa zote kwa maandishi. Hata fasihi simulizi, utanzu unaoishi kinywani na sikioni, mtahiniwa huiandikia.

Kusoma nako kuna pengo

Upande wa kusoma, hali ni afadhali, ingawa si sana. Karatasi ya pili ina kifungu cha ufahamu cha alama 20, dondoo la kitabu teule alama 25, shairi au simulizi alama 20 na sarufi alama 15. Karatasi ya tatu ni ya insha, zikiwemo za vitabu teule.

Ukijumlisha maswali yanayomkabidhi mtahiniwa maandishi ambayo hajawahi kuyaona, yaani ufahamu, shairi au simulizi, na kifungu cha kujaza mapengo, unapata alama 50 kati ya 200. Hiyo ni robo tu ya mtihani.

Maswali ya vitabu teule hayawezi kuhesabiwa pamoja na hayo bila tahadhari. Vitabu hivyo hujulikana mapema, na miongozo yake huuzwa madukani na kando ya barabara. Mwanafunzi anayekariri mwongozo anaweza kuandika insha ya kupendeza kuhusu riwaya ambayo hajaifungua. Alama atakazopata zitasomwa na mwajiri kana kwamba ni ushahidi wa uwezo wa kusoma.

Kwa nini Eastlands?

Huenda msomaji akauliza kwa nini tuitaje Eastlands wakati KCSE ni mtihani wa taifa zima. Jibu ni kwamba mtihani usiopima stadi fulani hauwaumizi wote kwa kiwango sawa.

Kijana anayelelewa katika nyumba ambamo Kiingereza huzungumzwa mezani hana haja ya kufundishwa kukisikiliza. Shule isipomfundisha, nyumbani atafundishwa bila yeyote kukusudia. Si hivyo kwa kijana wa Mathare, Huruma au Kariobangi. Nyumbani atasikia Kiswahili au lugha ya wazazi wake. Nje atasikia Sheng, msimbo ambao watafiti wengi huuhusisha na mitaa hii hii ya mashariki mwa Nairobi. Kiingereza cha kuzungumzwa kwa mfululizo atakisikia hasa darasani.

Si kosa la Sheng. Kijana wa Eastlands anayeruka kutoka Sheng hadi Kiswahili na kurudi katika sentensi moja ana ubongo wenye wepesi wa lugha ambao walimu wengi wangeutamani. Anachokosa ni muda wa kukisikia Kiingereza kwa makini na mtu wa kumsahihisha.

Muda huo darasani ni haba. Tangu serikali ianze mwaka wa 2018 kutekeleza sera ya kila mwanafunzi wa shule ya msingi kujiunga na sekondari, shule nyingi za kutwa zimefurika. Chukua mfano wa darasa la wanafunzi 60 katika kipindi cha dakika 40. Hata mwalimu akinyamaza kabisa, kila mwanafunzi atapata sekunde 40 za kuzungumza.

Isitoshe, mwalimu huyo anajua kwamba shule yake itahukumiwa kwa matokeo ya KCSE. Anajua pia kwamba mtihani hautamuuliza mwanafunzi wake kusikiliza chochote. Atakuwa shujaa wa aina yake akitumia kipindi kizima kwa stadi isiyo na alama. Kisichotahiniwa hakifundishwi, hiyo ndiyo kanuni ya shule zetu, tupende tusipende.

Gharama hulipwa baadaye

Pengo hili huonekana baada ya cheti kutolewa. Huonekana katika ukumbi wa mihadhara wa chuo kikuu, ambapo mhadhiri huzungumza kwa saa mbili na kumtarajia mwanafunzi kusikiliza, kuchuja na kuandika kwa wakati mmoja. Huonekana katika mahojiano ya kazi na katika vituo vya kupokea simu za wateja, kazi ambazo huwavutia vijana wengi wa mijini.

Huonekana zaidi mtu anapotaka kuvuka mipaka. Mtihani wa IELTS, unaotakiwa na vyuo na waajiri wengi wa ng’ambo, una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Sehemu ya kusikiliza ina maswali 40 na huchukua takriban nusu saa. Rekodi huchezwa mara moja tu, na asiyesikia hana pa kurudi. Kusoma nako kuna maswali 40 kwa saa moja, na hakuna kitabu teule wala mwongozo.

Mnamo Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwawezesha wauguzi wetu wasio na kazi kuajiriwa huko. Mapema mwaka wa 2022, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alifichua kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 pekee waliofaulu. Taifa lilishtuka. Wapo waliocheka na wapo waliolaumu masharti ya Waingereza.

Ni wachache waliouliza swali la msingi. Wauguzi hao walikuwa wamepita KCSE na vyuo vya uuguzi, na masomo yao waliyapata kwa Kiingereza. Mtihani waliokabidhiwa ulipima stadi nne, mbili kati yake zikiwa ni stadi ambazo mfumo wetu haukuwa umewapima kwa vitendo walipomaliza shule. Hatuwezi kudai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya matokeo hayo. Hata hivyo, nchi inayotaka kuuza ujuzi wa watu wake ng’ambo haina budi kuwapima mapema katika mambo watakayopimwa huko.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga mtihani wa kusikiliza wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni wingi wa watahiniwa. Mwaka wa 2024, zaidi ya watahiniwa 960,000 walifanya KCSE. Kupeleka vinasa sauti na nguvu za umeme katika kila kituo si jambo dogo.

Japani ilikabiliwa na swali hilo hilo. Mwaka wa 2006, nchi hiyo iliingiza sehemu ya kusikiliza Kiingereza katika mtihani wa kitaifa wa kujiunga na vyuo vikuu, unaofanywa na takriban vijana nusu milioni. Kila mtahiniwa alipewa kifaa chake kidogo cha kuchezea sauti. Baadhi ya vifaa vilileta hitilafu, na walioathiriwa wakapewa nafasi ya kurudia. Mpango haukufutwa. Mtihani mpya ulioanza Januari 2021 uliupa usikilizaji alama 100 na usomaji alama 100, sawa kwa sawa.

Kenya haina mfuko wa Japani, wala haihitaji kifaa kwa kila mtahiniwa. Kwa miaka mingi, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, na mtangulizi wake KIE, zimetayarisha vipindi vya redio vya shule. Wakati wa janga la corona mwaka wa 2020, masomo yaliwafikia wanafunzi kupitia KBC. Redio moja au spika moja inatosha darasa zima. Hata imla, zoezi la mwalimu kusoma na mwanafunzi kuandika, haihitaji umeme.

Hoja ya pili ni udanganyifu. Rekodi inaweza kuvuja jinsi karatasi zilivyowahi kuvuja. Hii ni sababu ya kutouweka uzito wote katika siku moja ya Novemba. Si sababu ya kutopima kabisa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo inahusu usawa. Je, kupima masikio hakutawaadhibu watoto wa Eastlands kwa kukosa kile ambacho wenzao wa mitaa ya kitajiri hukipata nyumbani? Kutawaadhibu kweli, endapo mtihani utatangulia mafunzo. Lakini kunyamaza hakuwalindi. Kunaahirisha tu adhabu hadi siku ambayo hakuna mwalimu karibu wa kuwasaidia, na ambayo kurudia mtihani kunagharimu maelfu ya shilingi.

Nafasi iliyopo sasa

Mabadiliko ya mfumo wa elimu yametoa nafasi adimu. Darasa la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa umilisi, uliojulikana awali kama CBC, waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtaala wao unataja kusikiliza na kuzungumza kuwa mojawapo ya nguzo za somo la Kiingereza.

Tena mfumo huo umezoeza shule kutoa alama kabla ya mtihani wa mwisho. Katika upimaji wa Gredi ya 9, asilimia 20 ya alama hutokana na tathmini zilizofanywa shuleni katika Gredi za 7 na 8. Hakuna kinachozuia utaratibu kama huo kutumika sekondari pevu kwa usikilizaji: kifungu kimoja kila muhula, kilichorekodiwa na KNEC, kikichezwa darasani na kusahihishwa na walimu wa shule jirani.

Sauti za rekodi hizo pia zifikiriwe. Ziwe za Wakenya wanaozungumza Kiingereza sanifu kama kinavyosikika hapa: mtangazaji wa Nairobi, daktari wa Kisumu, wakili wa Mombasa. Lafudhi za nje ziingie polepole katika miaka ya mwisho. Wanafunzi viziwi watengewe utaratibu wao tangu mwanzo.

Kwa upande wa kusoma, mgao wa maandishi mapya upandishwe kutoka robo hadi angalau nusu ya alama, ili anayesoma vingi amshinde anayekariri kimoja. Eastlands haikosi pa kuanzia. Ipo maktaba ya kitaifa ya Buruburu, na zipo maktaba za umma za Kaloleni na Makadara zilizokarabatiwa na shirika la Book Bunk. Zinahitaji vitabu zaidi na saa ndefu za kufunguliwa, hasa jioni, wakati nyumba ya chumba kimoja haina kona ya kusomea.

Wizara ya Elimu na KNEC zisisubiri hadi mtihani wa kwanza wa Gredi ya 12 mwaka wa 2028 uwe umeshachapishwa. Mtihani huo ukirithi karatasi za zamani na kubadilishiwa jina tu, mwalimu wa Kayole atarudi kufundisha silabi zenye mkazo ubaoni, na mwanafunzi wake ataendelea kupewa cheti cha lugha ambayo hajawahi kuulizwa kama anaisikia.